Kupunguza Uzito Baada ya Jeraha la Ubongo

Mtu aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda akirudi nyumbani, ndugu humlisha kwa furaha ya kumwona hai. Miezi inapita, nguo zinambana, presha inapanda. Kliniki anaambiwa apunguze wanga na sukari, afanye mazoezi. Ushauri huo ni sahihi, ila unategemea kukumbuka, kupanga na kujizuia, na hayo ndiyo hudhoofika sehemu ya mbele ya ubongo ikijeruhiwa. Basi wewe unayemuuguza usimwongezee mawaidha. Badilisha nyumba, ili utaratibu wa nyumba umfanyie ile kazi ambayo kichwa chake hakiiwezi kwa sasa.

Anza na chakula, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzuka. Mtu amekula saa saba mchana, saa nane anadai hajala. Hasemi uongo, hakumbuki. Kwa wengine, sehemu ya ubongo inayoleta hisia ya kushiba imeguswa, kwa hiyo njaa haiishi hata tumbo likijaa. Usibishane naye. Tundika ubao mahali anapokaa, na kila akimaliza kula atie alama kwa mkono wake mwenyewe. Akidai tena, nendeni pamoja mkautazame, kisha mpe kitu mlichokiandaa mapema: tango, kipande cha papai, maji.

Kwenye sinia la pamoja hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani, kwa hiyo mpakulie sahani yake, ileile kila siku: nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Sufuria ibaki jikoni. Mandazi, biskuti na soda visikae vinapoonekana, kwa sababu asiyeweza kujizuia akiona atakula. Nyumba nzima ifuate utaratibu huo. Kumnyima yeye huku wengine wakinywa soda mbele yake ni kumtesa. Wageni nao waombwe walete matunda. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari.

Chunguza pia kama ananusa. Jeraha la kichwa huweza kuondoa uwezo wa kunusa, chakula kikakosa ladha mdomoni, naye akazidisha chumvi na sukari ili aipate. Ndimu na pilipili humsaidia, kama hana shida ya kumeza. (Na mtu huyo hawezi kutambua gesi inayovuja wala chakula kilichochacha, lazima mwingine awe macho.)

Kuhusu mazoezi, naomba neno uvivu lisitamkwe. Unamwambia akatembee, anaitikia kwa moyo wote, kisha anabaki palepale: nia ipo, lakini ubongo hauanzishi tendo. Mletee viatu, simama, mtoke wote. Chagueni asubuhi baada ya chai, kabla uchovu na jua havijamzidi. Dakika kumi zatosha kuanzia. Mwenye kifafa asitembee kando ya barabara wala kuogelea bila mtu.

Mfundishe jambo moja kwa wakati mmoja, na umwoneshe njia sahihi tangu mwanzo badala ya kumwacha abahatishe, kwa kuwa asiyekumbuka vizuri huweza kushika lile kosa lake la kwanza.

Huko Dallas, Marekani, wataalamu waliirekebisha kwa ajili ya watu wenye jeraha la ubongo programu iliyotokana na ile ya kuzuia kisukari, yenye lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Nawe usianze na namba hizo; kwanza mwulize mwenzako anataka nini hasa. Akisema anataka kupanda daladala bila kushikwa mkono, hilo ndilo liandikwe juu ya ubao, kilo zitafuata.

Mpime mara moja kwa wiki, mzani uleule, uandike kwenye daftari. Uzito ukipanda ilhali chakula hakijaongezeka, au akiwa mchovu kupita kiasi, akihisi baridi daima, au hedhi ikikatika, huenda homoni zimevurugika na zinahitaji kupimwa. Baadhi ya dawa, kama sodium valproate ya kifafa, nazo huongeza uzito. Usizikatishe nyumbani, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Nenda na daftari na pakiti za dawa zote, umwombe daktari aangalie kama ipo nyingine inayomfaa.