Chombo Kimoja kwa Mto na Bwawa: Kuchagua Kayaki ya Safari Mkoani Morogoro

Maji ya Uluguru hayana tabia moja. Juu, karibu na vilele vinavyozidi mita 2,600, yanaporomoka juu ya majabali, na mvua ya muda mfupi mlimani inatosha kuugeuza mto uliovukwa kwa miguu asubuhi ukawa unabingirisha mawe jioni. Chini yake, Mto Ngerengere unatua katika Bwawa la Mindu, kando ya barabara iendayo Iringa, na hapo maji yanatanda wazi, upepo ukiyachapa bila kizuizi. Ukiyafuata zaidi unaufikia Mto Ruvu, unaotambaa kwenye tambarare mpaka baharini karibu na Bagamoyo. Kusini mwa mkoa kuna Mto Kilombero, na huo una mambo yake.

Kijitabu hiki kinawahusu vikundi vya vijana, waongoza watalii na wapenda safari ambao fedha yao inatosha kayaki moja tu, nao wanataka iwafae mtoni na kwenye maji mapana.

Wazee wetu hawakutaka chombo kimoja kifanye kazi zote mbili. Mtumbwi wa Kilombero unachongwa kwa gogo moja, hauna mkuku, unateleza juu ya maji ya kina kifupi na kupenya matete huku mwenyewe akisimama na upondo. Mvuvi wa pwani, anayekabili mawimbi, aliuongezea mtumbwi mbawa za mbao pande zote mbili, akapata ngalawa. Kayaki nayo ilizaliwa mbali, kwa Wainuit wa Aktiki, waliotanda ngozi ya sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa. Kila chombo kiliumbwa na maji yake. Kwa hiyo anayetaka kimoja cha kote akubali tangu mwanzo kwamba atapoteza kidogo huku na kidogo kule.

Urefu na kitako

Kayaki za maporomoko zina mita 2 hadi 3, na kitako chake kimepinda kama ndizi. Zinageuka upesi kulikwepa jiwe. Ipeleke Mindu uone: kila ukipiga kafi, omo inakwenda kando, na baada ya nusu saa mabega yamechoka bila safari kusonga. Kayaki za bahari zina mita 5 au zaidi, na upana usiofika sentimita 60. Zinakwenda mbio na kunyooka vizuri, lakini kwenye kona kali ya mto zitakupeleka moja kwa moja kwenye mizizi ya ukingoni.

Tunashauri ya kati: mita 4 hadi 4.5, upana wa sentimita 60 hadi 65, kitako kilichoinuka kidogo tu kwenye omo na tezi. Iwe na pezi la kushusha na kupandisha chini ya tezi. Upepo wa ubavuni huelekeza omo kule unakotoka. Pezi likishushwa, chombo kinashika njia. Ukifika penye mawe au mchanga, unalipandisha. Kama bei inakulazimisha kuchagua kati ya pezi na rangi nzuri au kiti cha kifahari, chukua pezi.

Wala usidhani upepo ni wa mabwawani peke yake. Januari 2016 kivuko MV Kilombero II, chombo kikubwa cha kuvusha watu na magari, kilizama katika Mto Kilombero wakati wa mvua na upepo mkali.

Kwa mito yenye mawe, plastiki nene inavumilia kugongwa na kuburuzwa kuliko faiba, ingawa ni nzito zaidi.

Kuta za ndani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawatazami, na hapa ndipo uhai ulipo. Fungua vifuniko vya omo na tezi, ingiza mkono, utafute ukuta unaotenganisha chumba cha mizigo na mahali pa kukaa. Kayaki ya urefu huu isiyo na kuta inaweza kumeza zaidi ya lita 200 ikipinduka. Hizo ni kilo 200 za maji, na hakuna mtu atakayezikumba kwa kopo katikati ya bwawa. Yenye kuta mbili zisizovuja hubeba hewa mbele na nyuma, ikaelea hata tundu la kukalia likijaa.

Usilipe kabla ya kuipima. Ipakie kama siku ya safari: maji ya kunywa, chakula, hema, nawe mwenyewe. Mtu wa kilo 70 na mzigo wa kilo 30 ni kilo 100, na sisi tunashauri jumla isizidi theluthi mbili ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Kisha, penye maji ya kifuani, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea na mwenzako amesimama kando, ipindue. Toka, ikalishe sawa, panda tena. Ukishindwa mara tatu mahali palipotulia, tafuta yenye tundu pana zaidi, au ile ya kukaa juu ambayo maji hujitoa yenyewe. Kwa joto letu, ya kukaa juu si chombo cha kudharauliwa hata kidogo.

Kabla ya kushusha majini

Kayaki iko chini na haina kelele, na kwa Kilombero na Ruvu hiyo ni hatari, maana kiboko hukugundua umeshamkaribia. Gonga ubavu wa chombo kwa kafi unapokaribia kona, na usikae kamwe kati ya kiboko na kina kirefu. Mamba nao wapo. Waulize wavuvi wa eneo hilo. Wakisema sehemu fulani haipitiki, usiwabishie. Vijito vya Uluguru vyenyewe viache wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Mindu ndilo chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Omba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na banda la vyombo lisijengwe ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kama inavyoelekeza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Maji yaliyotulia yenye konokono huambukiza kichocho. Mpiga kafi hulowa kila siku, kwa hiyo akapimwe zahanati hata kama hajisikii kuumwa. Dawa ya prazikuanteli ipo na inatibu.

Baada ya safari, suuza chombo, acha vifuniko wazi kikauke ndani, kisha kilaze kivulini. Jua la Morogoro likiipiga plastiki mwaka hadi mwaka huifanya ikauke na kupasuka, na ufa huanzia pale pale kitako kinapokutana na mawe.