Kuuona Mshipa Nyuma ya Fuvu

Kiharusi ni jina moja la ajali mbili zinazopingana. Katika ya kwanza, donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Katika ya pili, mshipa umepasuka na damu inavuja. Dalili zinafanana: mkono unalegea, mdomo unaenda upande, maneno yanakwama. Tiba ndizo zinazoachana. Dawa ya kuyeyusha donge inaweza kumwokoa mgonjwa wa kwanza na kumuua wa pili. Basi kabla ya dawa, sharti tuone ndani ya fuvu.

Tunaonaje? Picha yoyote hutokana na tofauti. Eksirei hupita kwa urahisi palipo na atomi ndogo na huzuiwa palipo na kubwa. Oksijeni, iliyojaa katika maji ya mwili, ina protoni 8. Kalsiamu ya mifupa ina 20. Ndiyo maana mfupa hutoka mweupe. Ubongo na damu, kwa sehemu kubwa, ni maji, tena vimefunikwa na fuvu, kwa hiyo eksirei ya kawaida haivitenganishi.

Hesabu ndiyo inayotutoa hapo. Chora mraba wenye vyumba vinne, kila kimoja kikificha namba. Unaambiwa jumla tu: vyumba viwili vya juu ni 5, viwili vya kushoto ni 6, viwili vya mshazari unaoanzia kona ya juu kushoto ni 7, na vyote vinne ni 14. Jumlisha 5, 6 na 7 upate 18. Humo kila chumba kimehesabiwa mara moja, isipokuwa cha kona hiyo, kilichohesabiwa mara tatu. Toa 14, zinabaki 4, yaani namba ya kona mara mbili. Kona ina 2, na hukuifungua.

Kipimo cha CT-Scan hufanya hivyo kwa vyumba maelfu kwa maelfu. Eksirei hupigwa kuzunguka kichwa, na kila mwali huleta jumla ya vilivyouzuia njiani. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria swali la kupata kilichofichika kutokana na jumla hizo mwaka 1956 akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Godfrey Hounsfield aliunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Mwaka 1979 wakagawana Tuzo ya Nobel. Kwa kipimo hicho damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe kando ya ubongo wa kijivu.

Mishipa yenyewe inahitaji msaada zaidi. Iodini, yale madini joto ya kwenye chumvi, ina protoni 53, kwa hiyo huzuia eksirei kuliko hata kalsiamu. Daktari hupitisha mrija mwembamba, katheta, kutoka kwenye mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono hadi shingoni, kisha humimina dawa yenye iodini. Kompyuta hutoa picha ya kabla ya dawa kutoka katika picha ya baada yake. Fuvu limo katika zote mbili, hivyo linajifuta. Kinachobaki ni mishipa mitupu.

Na njia iliyopitisha dawa hupitisha pia kifaa. Donge hunaswa kwa wavu mdogo wa metali au hunyonywa. Mshipa uliotuna kama puto hujazwa nyuzi laini za platinamu, damu ikakoma kuingia humo. Fuvu halifunguliwi. Hapa nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ina maabara ya kazi hiyo.

Lakini MOI iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Makanyagio, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kulivuta, kwa kawaida ndani ya saa sita, na kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha hadi saa 24. Treni ya kupitia Kaliua na Tabora haiwezi kushindana na muda huo. Mshipa uliotuna bila kupasuka ni habari nyingine: rufaa yake hupangwa. Kwa hiyo mkazi wa Katavi anaihitaji CT-Scan karibu kuliko kitu kingine. Mkopo wa IMF wa mwaka 2021 wa kukabili UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ulinunua pia mashine hizo kwa hospitali za rufaa za mikoa.

Nyumbani yabaki mambo mawili. Kwanza, usimpe mgonjwa aspirini kabla ya picha, kwani huenda anavuja damu. Pili, ishike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa daktari huhesabu kuanzia hapo. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akakutwa alfajiri mkono umelegea, huhesabiwa tangu saa nne usiku.