KUMKUMBUKA MAREHEMU KATIKA INTANETI: LIPI LINALOFAA NA LIPI LISILOFAA?

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Limeulizwa swali katika darasa letu: Mtu aliyefiwa katika nchi ya mbali, je, yafaa amfanyie marehemu wake ukurasa wa ukumbusho katika intaneti, au jambo hilo ni bidaa?

Kwanza natuitazame haja yenyewe. Nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa. Wenyeji wake ni Wakipsigis, lakini tangu makampuni ya Kizungu yalipoanza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wameiendea kutafuta riziki, na barabara zake hupitwa usiku na mchana na madereva na wachuuzi wa kila upande. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka Fort Ternan, wakafa zaidi ya watu 50. Na siku ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, katika siku za tashriki za mwaka 1444, lori liliwavamia watu na magari kwenye njia panda ya Londiani, wakafa watu wapatao 50. Wengi walikuwa kandoni mwa njia katika biashara zao.

Sheria yetu yatuamrisha tumzike mayiti upesi. Basi Mwislamu akifa huko, huenda akazikwa huko huko, na mama yake yuko Lamu, na ndugu yake yuko Maskati. Hawakumwosha, hawakumsalia, wala hawakutia mchanga kaburini. Watu kama hawa huzuni yao haina pa kukutania.

Ama hukumu yake, wanavyuoni wametuwekea kanuni mbili. Ya kwanza: mambo ya ada asili yake ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Ya pili: njia hufuata hukumu ya kule iendako. Ukurasa ni chombo tu, mfano wa barua. Ukiwaleta watu kwenye kheri ni kheri, na ukiwaleta kwenye haramu ni haramu. Atakayeufanya kuwa ibada, akadhani una thawabu kwa nafsi yake, huyo ndiye aliyeingia katika bidaa.

Na kumkumbuka mpenzi kwa wema kuna asili. Bibi Aisha amesimulia jinsi Mtume s.a.w. alivyokuwa akimtaja sana Bibi Khadija baada ya kufa kwake, na akichinja mbuzi huwapelekea nyama rafiki zake. Tazameni: ukumbusho ule haukuishia ulimini, ulifika mpaka katika vyungu vya watu. Kadhalika Saad bin Ubada, alipofiwa na mama yake naye hayupo, alimwuliza Mtume kama sadaka itamfaa mama yake. Alipojibiwa kuwa itamfaa, akatoa bustani yake. Huyu ndiye kiigizo cha kila aliyefiwa akiwa mbali.

Basi mwenye kutaka kufanya ukurasa huo na ashike haya:

1. Apate kwanza ridhaa ya warithi, na mmoja wao mwaminifu awe ndiye mwenye neno la siri.

2. Aandike jina la marehemu na la baba yake, tarehe ya kufa, na mahali kaburi lilipo, ili wajukuu wasilipoteze. Nambari ya kitambulisho na ya simu asizitie, kwani wezi huzitafuta. Ama picha, wanavyuoni wamekhitilafiana, na kuiacha ni salama zaidi.

3. Atangaze kuwa mwenye kumdai marehemu aende kwa warithi. Deni ni zito kuliko sifa mia.

4. Ataje sadaka moja yenye kuendelea, kama kisima au vitabu vya chuoni. Ikichangwa fedha, hesabu iandikwe hapo hapo, kila senti.

5. Wanaoandika wamwombee kwa Mwenyezi Mungu, wala wasimwombe yeye. Siku hizi twaona watu wakimwandikia mayiti: "Tulinde huko uliko." Neno hili ni khatari kubwa. Mayiti ndiye mwenye haja ya dua yetu.

6. Yasiingie maombolezo ya kupiga makelele, wala kufufua msiba kila mwaka kwa karamu na gharama. Machozi hayakukatazwa. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, lakini hakusema ila la kumridhisha Mola wake.

Limebaki jambo moja, nalo lamhusu aliye hai. Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Leo simu zetu zimejaa amana, madeni na siri za watu. Facebook humpa mtu khiyari ya kumtaja, angali hai, atakayeuangalia ukurasa wake akifa, au kuagiza ufutwe. Basi hili nalo ulitie katika wasia wako. Ni watu wangapi wamekufa, na kurasa zao zikabaki na yale ambayo wangetamani kuyafuta!

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wa karibu na wa mbali, na atujaalie tuwe sadaka kwa wazee wetu. Amin. Wallahu aalam.