Umri Kwanza, Nasaha Baadaye

Msichana wa miaka 16 mwenye mtoto mgongoni na mzee wa miaka 70 wanaweza kukujia na neno lile lile: "Sioni mbele." Ukiwapa nasaha moja, hutamsaidia hata mmoja. Wewe unayetoa unasihi Kapalamsenga, mkoani Katavi, uwe mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kiongozi wa dini, anza na umri wa aliye mbele yako.

1. Tambua swali la umri wake. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Erik Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, kila moja na mvutano wake. Mtoto mchanga hujifunza kuamini. Mwanafunzi wa shule ya msingi hutaka kujua kama anaweza. Kijana hujiuliza yeye ni nani, na akishakomaa, atashirikiana maisha na nani. Mtu wa makamo hutazama anachowaachia wengine. Mzee hupima kama maisha yake yalikuwa na maana.

2. Angalia maswali yaliyogongana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi iliongoza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Binti wa namna hiyo bado anajitafuta, na tayari ni mama wa mtu. Usimwanzie na lawama. Muulize, "Kabla ya mimba ulikuwa unapenda somo gani?" Akisema hesabu, shikilia hapo. Mweleze kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi shuleni. Kisha, akikubali, kaa na mama yake mpange nani atabaki na mtoto saa za masomo.

3. Usiishie kwenye pombe. Kijana wa machimboni akilewa kila akipata fedha, muulize anakula na nani jioni, na nani angemtafuta asiporudi. Pengine kinachomwumiza ni upweke.

4. Mpe mzee nafasi ya kusimulia. Katika makazi ya Mishamo na Katumba wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mzee wa aina hiyo usimkatize kwa "yameshapita, baba." Muulize ni nini kilichomvusha, na ni lipi angependa wajukuu walijue. Asipotaka kulisema jambo, usimlazimishe.

5. Jua mpaka wako. Tunza siri, lakini mweleze mapema kwamba maisha yakiwa hatarini utahusisha wengine. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Mpeleke kituo cha afya. Mtoto akidhulumiwa, piga 116 bila malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi.

Kabla hamjaachana, mwombe ataje kwa maneno yake hatua moja atakayoichukua wiki hiyo. Hatua aliyoichagua mwenyewe ataitekeleza zaidi kuliko kumi ulizompangia.