Mafunzo Niliyopata Kwenye Bandeleti ya Mkojo

Nafanya kazi maabara, katika zahanati ndogo ya Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Hatuoteshi bakteria. Tegemeo letu ni bandeleti, ule ukanda mwembamba wa kuchovya kwenye mkojo.

1. Rangi ya waridi ni alama ya kimeng'enya. Bakteria E. coli, msababishaji mkuu wa maambukizi ya njia ya mkojo, hutumia kimeng'enya chake kuipokonya nitrati oksijeni, ikabaki nitriti. Nitriti ndiyo inayoamsha rangi, kwa njia aliyoieleza mkemia Mjerumani Peter Griess mwaka 1879.

2. Uliza saa. Kazi hiyo ya kugeuza nitrati hutaka mkojo ukae kibofuni kwa muda wa kama saa 4. "Dokta, nimetoka kukojoa sasa hivi," mama mmoja aliniambia akinipa kikopo. Nikamwomba, "Mama, kesho niletee ule wa kwanza wa alfajiri." Uliza na chakula pia: nitrati hutoka kwenye mboga kama lengalenga.

3. Bakteria mwingine, Enterococcus, hana kazi na nitrati. Kwa hiyo kwenye fomu naandika "nitriti hasi", siandiki "hakuna maambukizi", na natazama kisanduku cha chembe nyeupe za damu kwenye bandeleti.

4. Hili nililipata vitabuni, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Mnyime E. coli oksijeni, umpe klorati. Kimeng'enya chake kile cha nitrati hakitofautishi vizuri klorati na nitrati. Huigeuza klorati kuwa kloriti, ambayo ni sumu, na bakteria anajiua kwa kimeng'enya chake mwenyewe. Wanaopona ni wale ambao jeni zao zimeharibika. Watafiti waliwakusanya manusura hao, wakakuta jambo la ajabu: kwa wengi jeni ya kimeng'enya ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni ufundi wa kukitengenezea kiini chenye molibdeni, na bila kiini hicho kimeng'enya kipo lakini hakifanyi lolote. Jeni hizo ziliitwa chl kwa sababu ya klorati, hadi mwaka 1992 zilipopewa majina yanayoanza na mo, ya molibdeni. Bakteria wa aina hiyo akiingia kibofuni, kisanduku cha nitriti kitanyamaza hata mgonjwa awe analia kwa maumivu. Mimi humsikiliza mgonjwa kwanza.

5. Funga kopo. Bandeleti iliyoachwa wazi kwenye unyevu wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika huweza kugeuka waridi bila bakteria yeyote.