Mluzi Ndani ya Spika: Kwa Wenye Magari wa Bellevue

Umewasha gari, umefungulia redio, na kabla mwimbaji hajaanza unasikia mluzi mwembamba ndani ya spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Spika zako ni nzima. Unachokisikia ni alterneta.

Tunawaandikia ninyi mnaozungumza Kiswahili hapa Bellevue na kwa majirani zetu wa Yeoville, Wakongo, Watanzania na wengineo, maana inauma kumwona mtu akinunua redio mpya kabla fundi hajagusa waya hata mmoja.

Alterneta hufua umeme wa mkondo geu, kisha diodi zilizo ndani yake huunyoosha ili uchaji betri. Hubaki viwimbi vidogo. Viwimbi hivyo havisumbui mpaka vipate njia ya kuingia kwenye sauti, na mara nyingi njia hiyo ni waya wa ardhi, ule ambao mafundi wa Kikongo huuita masi. Redio imeshika ardhi mbele kwenye dashibodi, amplifaya imeshika nyuma kwenye buti. Volti za sehemu hizo mbili zikitofautiana hata kidogo, umeme hupita katika waya wa sauti unaoziunganisha.

Anza kwa masikio. Injini ikiunguruma, shusha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukibaki vilevile, chunguza amplifaya na waya zinazoifikia. Ukipungua pamoja na muziki, unaingilia redioni au katika kifaa ulichokichomeka. Hapo chomoa kwanza chaja ya simu. Simu inayochajiwa huku imeungwa na redio kwa waya hupiga mluzi huohuo. Ukihamia Bluetooth ukasikia kimya, umeshampata mwizi.

Kama shaka iko kwenye amplifaya, zima kila kitu, fungua upande wa hasi wa betri, kisha fungua boliti ya waya wake wa ardhi. Itazame kwa karibu. Mara nyingi utakuta kichwa cha waya kimekaa juu ya rangi ya gari, au juu ya kutu ya kahawia inayomeguka kwa ukucha. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza barabara, kisha paka grisi juu yake. Waya huo usizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na wa ule unaotoka kwenye betri. Usitumie boliti ya mkanda wa usalama. Ile imewekwa kuokoa maisha.

Waya za sauti zipite ubavu mmoja wa gari, waya mnene wa betri ubavu wa pili. Ukisikia ta-ta-ta badala ya mluzi, angalia plagi za injini na waya zake.

Mluzi ukikataa kuondoka, weka mita kwenye betri, injini ikiwaka, ukipima mkondo geu. Ikizidi nusu volti, huenda diodi imekufa. Hilo si suala la muziki tena: alterneta hiyo inaweza kukuacha njiani.

Wapo wanaopima alterneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwaka. Wakatalie hata kama ni rafiki zako, kwa kuwa volti huruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari. Kabla ya kushika waya mnene, zima injini na ufungue upande wa hasi wa betri kwanza. Vipimo vya injini inayowaka vifanyie nje, si katika maegesho ya chini ya ghorofa, kwa sababu monoksidi ya kaboni iliyo katika moshi haina harufu na huua.