Mnyauko wa Tungule: Kuchunguza Kabla ya Kutia Maji

Mkulima akiona tungule zake zimelegea majani, kwanza huikimbilia ndoo. Mara nyingi hukosea. Kiu ni sababu moja tu miongoni mwa kadhaa, na yapo maradhi ambayo maji hayo hayo ndiyo huyachukua kutoka tuta hadi tuta.

Uchunguzi uanze alfajiri. Mche uliolegea adhuhuri kisha ukanyanyuka usiku, huenda una kiu, au huenda mizizi yake imedhurika. Mche mmoja uchimbuliwe kwa jembe, usivutwe, na mizizi ioshwe. Ikiwa imejaa vinundu visivyobanduka, hiyo ni kazi ya minyoo ya udongoni isiyoonekana kwa macho. Ikiwa imeoza na kuwa myeusi, huenda maji yametuama, jambo la kawaida katika mabonde ya Pemba wakati wa masika. Tiba yake ni mitaro na kuinua matuta.

Majani ya chini yakigeuka manjano, pengine upande mmoja tu, na shina likipasuliwa kwa urefu likaonesha michirizi ya kahawia, yaelekea ni mnyauko wa kuvu.

Unaotisha zaidi ni mnyauko wa bakteria. Mche hufa kwa siku chache, majani yangali mabichi. Kipande cha shina, urefu wa kidole, hukatwa karibu na ardhi na kuning'inizwa katika bilauri ya maji safi yaliyotulia. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa huteremka kutoka penye mkato. Hapo hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mche, na fedha za chama zisipotezwe kuinunua. Mche ung'olewe pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto, na majembe yasafishwe. Mahali hapo pasipandwe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa miaka kadhaa, kwani zote ni za ukoo mmoja. Mahindi au mpunga hufaa.

Kwa vyama vinavyootesha miche katika kitalu kimoja hatari ni kubwa zaidi: kitalu kigonjwa humgawia ugonjwa kila mwanachama, naye huupeleka shambani kwa mikono yake mwenyewe. Kitalu kama hicho kihamishiwe ardhi isiyopandwa mazao ya ukoo huo, tena juu ya mashamba, si chini yake, ili maji ya mvua yatokayo humo yasikifikie.